Kabla ya kununua kiyoyozi, tazama paa

Saa tatu usiku. Jua lilishazama zamani na nje upepo umeanza kupoa, lakini aliyelala chini ya paa la zege bado anagaagaa kitandani. Akisimama juu ya kiti akabandika kiganja darini, anakuta pana vuguvugu kama ubavu wa birika lililoepuliwa muda si mrefu. Zege hilo limeshinda likinywa jua tangu asubuhi, na sasa ndiyo zamu yake ya kulitema, nalo linalitemea chumbani. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini inachozungusha ni hewa ile ile ya moto. Kesho yake mwenye uwezo ataingia dukani kutafuta kiyoyozi. Asiye na uwezo atavumilia.

Naona hapo kuna hatua imerukwa, na kurukwa kwake kunatugharimu umeme, afya na usingizi. Tumezoea kulichukulia joto la ndani kuwa jambo la hewa, kwa hiyo tunalitafutia mashine ya hewa. Lakini kwenye nyumba isiyo na ghorofa, hasa pale jua linapopita utosini, njia kuu ya joto kuingia ni paa. Na paa linaweza kufanya jambo ambalo kiyoyozi hakiwezi kabisa: kulirudisha jua lilikotoka kabla halijageuka kuwa joto. Likishageuka, kulitoa ndani ni kazi ya kulipia kila saa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu jambo hili huonekana dogo. Adhuhuri, anga likiwa safi, jua humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paa lenye mita 100 za mraba basi linapokea kilowati 100. Ni sawa na kuwasha pasi za umeme mia moja, kila moja ya wati 1,000, ukazipanga juu ya vichwa vya wanaokaa humo. Paa jeusi la lami hunyonya karibu asilimia 90 ya hayo yote. Paa lililopakwa rangi nyeupe, likiwa jipya, hunyonya kama asilimia 20. Kati ya hayo mawili kuna tofauti ya pasi sabini, na kilichozizima ni rangi tu. Ndiyo maana paa jeusi kwenye jua kali hufika nyuzi 65 za Selsiasi na kuzidi, wakati jeupe lililo kando yake linaweza kuwa pungufu kwa nyuzi 28 hivi.

Si kilowati zote sabini zinazoingia ndani, na anayekuambia hivyo anakudanganya. Sehemu kubwa huchukuliwa na upepo au hurudi angani. Kinachoingia kinategemea kilichopo kati ya paa na watu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ni asilimia 5 ndiyo inayopenya: hizo ni kilowati tatu na nusu za joto. Kiyoyozi kinachoondoa vipimo vitatu vya joto kwa kila kipimo kimoja cha umeme kitatumia zaidi ya kilowati moja, saa baada ya saa, kuondoa tu kile ambacho rangi ingekizuia mlangoni. Chini ya bati tupu lisilo na dari, kinachopenya ni zaidi ya hapo. Chini ya dari yenye tabaka nene la kuzuia joto, ni kidogo sana.

Nimetaja bati, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Bati jipya lisilopakwa kitu hung'aa mpaka macho yanauma. Mtu akiliangalia anajiambia: kama kuakisi ndiko kunakotakiwa, si ndilo hili? Ni kweli linarudisha sehemu nzuri ya jua, zaidi ya nusu likiwa jipya. Tatizo ni lile kidogo linalobaki. Kila kitu chenye joto hulitoa kwa mionzi isiyoonekana, ile ile unayoihisi usoni ukikaa mbele ya moto. Zege, vigae vya udongo na karibu rangi zote za kupaka, ziwe nyeupe au nyeusi, hutoa mionzi hiyo kwa wepesi, asilimia 85 hadi 95 ya kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Chuma kilicho wazi hakitoi hivyo. Bati la zinki lililo jipya hutoa kama robo tu. Kwa hiyo joto lililoingia linakosa pa kutokea, linakusanyika, na bati linachemka huku liking'aa.

Jaribu mwenyewe. Chukua vipande vitatu vya bati lile lile. Kimoja kipake rangi nyeusi, kimoja nyeupe, cha tatu kiache kinavyong'aa. Viweke juu ya mbao kwenye jua la saa sita kwa nusu saa, kisha viguse upande wa chini, kwa tahadhari. Cheusi hutaweza kukishika. Cheupe utakishika bila shida. Kinachokushangaza ni cha tatu: ulitarajia kiwe cha baridi kuliko vyote kwa jinsi kilivyokuwa kikimulika, na mkono unakuambia kina joto kuliko kile cheupe. Nikiulizwa niwaeleze watu jambo moja tu kuhusu mapaa, ningewaeleza hili: kung'aa hakutoshi. Paa zuri lina tabia mbili kwa pamoja, linarudisha jua na linaachia joto. Wataalamu wameziunganisha tabia hizo katika kipimo kimoja, ambapo paa la mfano jeusi limepewa 0 na jeupe limepewa 100, na bati tupu huangukia mbali chini ya rangi nyeupe. Likizeeka na kupauka hushuka zaidi.

Kuna anayesema hapendi paa jeupe. Linamkumbusha hospitali, au linamulika macho ya jirani wa ghorofani. La pili ni malalamiko ya haki, na penye majengo marefu jirani lazima lifikiriwe. Lakini hata kwa wapenda rangi nyingine sayansi imeacha nafasi. Karibu nusu ya nguvu ya jua hutufikia kwa mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni kabisa. Hivyo inawezekana kutengeneza rangi nyekundu au ya kahawia ambayo machoni ni ile ile ya siku zote, ila inarudisha infraredi badala ya kuinyonya. Haitafika kwenye weupe, lakini itaacha mbali rangi ya kawaida ya aina yake. Maana yake pia ni kwamba jicho si kipimo cha kuaminika dukani. Vigae viwili vya rangi moja vinaweza kupishana kwa joto vikiwa juu ya paa, na anayejua ni yule aliyevipima.

Maabara zimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 Aaswath Raman, Shanhui Fan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kipande cha tabaka jembamba ambacho, kikiwa juani mchana kweupe, kilikuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka kwa karibu nyuzi 5, bila umeme wowote. Siri yake ni kwamba kilirudisha asilimia 97 ya jua, na joto lake kikalitoa kwa mawimbi ya mikromita 8 hadi 13, ambayo angahewa huyaacha yapite hadi anga za mbali. Mwaka 2021 Xiulin Ruan na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Purdue walitangaza rangi ya sulfati ya bariamu inayorudisha asilimia 98.1. Nafurahia habari hizi kama anavyofurahi mtu yeyote anayependa ugunduzi. Ninachokataa ni kuzifanya sababu ya kusubiri. Chokaa imekuwepo kwa karne nyingi. Kule Bermuda mapaa ya mawe ya chokaa yamekuwa yakipakwa weupe vizazi na vizazi, na mapaa hayo hayo ndiyo yanayokinga maji ya mvua ya kunywa. Kutoka paa jeusi hadi jeupe la kawaida ni hatua ndefu. Kutoka hapo hadi rangi ya maabara ni hatua fupi.

Sasa nifike kwenye kinachonisumbua hasa, nacho ni namna tunavyohesabu faida. Ukitaka kuthibitisha kwamba paa jeupe linaokoa umeme, unachukua bili ya kabla na bili ya baada, unatoa, unapata jibu. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani linakadiria kwamba kwenye nyumba zenye viyoyozi, mapaa ya aina hii hupunguza kilele cha mahitaji ya kupoza kwa asilimia 11 hadi 27. Ni kiasi kikubwa, na kinakuja saa ile ile ambayo mitambo ya umeme imeelemewa, mchana na alasiri ya siku za joto kali. Lakini shirika hilo hilo lina takwimu ya pili isiyonukuliwa sana: kwenye nyumba zisizo na kiyoyozi, joto la juu kabisa la ndani hushuka kwa nyuzi 1.2 hadi 3.3. Hapo hakuna bili iliyopungua. Kwenye jedwali la kuokoa nishati, nyumba hiyo inaandikwa sifuri.

Sifuri hiyo inapotosha. Nyuzi 3 ndani ya chumba ni tofauti ya mtoto kulala na kutolala, au mzee kupita salama wiki ya joto. Na ni kitu kingine tena: ni kiyoyozi ambacho hakitanunuliwa. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kwamba viyoyozi na feni hutumia karibu asilimia 20 ya umeme wote wa majengo duniani, na kwamba idadi ya viyoyozi, iliyokuwa bilioni 1.6, huenda ikafika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Wengi wa watakaonunua ni watu ambao leo hawana. Kila paa litakalofanya chumba kivumilike kwa feni peke yake linaahirisha ununuzi mmoja kati ya hayo mabilioni, lakini hakuna mita inayosoma kitu ambacho hakikuwashwa. Kwa hiyo miradi ya kuokoa nishati inakimbilia ofisi na maduka makubwa yenye bili nene, ambako faida inaonyeshwa kwa urahisi, na nyumba za watu wa kipato cha chini, ambazo ndizo zenye paa jembamba na zisizo na dari, zinasubiri.

Jiji la Ahmedabad nchini India lilijifunza kwa uchungu. Wimbi la joto la Mei 2010 liliambatana na vifo zaidi ya 1,300 kupita kiwango cha kawaida cha mwezi huo. Mwaka 2013 jiji likawa na mpango wa kukabiliana na joto, na kuanzia 2017 mpango huo ukajumuisha kupaka mapaa weupe, kukiwemo kutumia chokaa, kwenye makazi ya watu wasio na uwezo. Hesabu yao haikuanzia kwenye kilowati. Ilianzia kwenye nani anaumia, na nadhani ndiyo sababu walianzia kwenye mapaa ya wasio na uwezo.

Kiyoyozi kina jingine tena: joto kinalolitoa chumbani kinalimwaga barabarani. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliochunguza, kwa modeli ya kompyuta, siku mbili za joto kali zaidi za kiangazi cha 2018 katika jiji lao walikuta kwamba mapaa yenye kuakisi yangepunguza joto la nje kwa wastani wa nyuzi 1.2 jiji zima. Viyoyozi vikienea, joto la nje lingepanda kwa wastani wa nyuzi 0.15, na hadi nyuzi 1 katikati ya jiji. Asiye nacho anapokea mtaani joto la aliye nacho. Paa jeupe linampunguzia hata jirani ambaye hakulipaka.

Pingamizi zipo, na zina uzito usio sawa. Kwenye nchi za baridi, jua linalorudishwa wakati wa kipupwe lingesaidia kupasha nyumba. Ni kweli, ingawa hasara yenyewe huwa ndogo kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kipindi hicho jua liko chini, mchana ni mfupi na pengine paa limefunikwa na theluji. Pale ambapo gharama ya kupasha ni kubwa kuliko ya kupoza, ningeweka fedha kwenye tabaka la kuzuia joto kwanza. Kwenye jengo la ghorofa kumi, wanaonufaika moja kwa moja ni wa ghorofa ya juu tu. Wa chini watafute kivuli cha madirisha. Penye unyevu mwingi, paa linalopoa sana usiku linaweza kutonesha umande upande wa ndani, kwa hiyo hewa iachiwe njia ya kupita chini yake. Na anayesema afadhali paneli za umeme wa jua kuliko rangi analazimisha ugomvi usiokuwepo. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya uzalishaji kwa kila nyuzi inayozidi 25, hivyo hupenda kuzungukwa na paa lisilochemka.

Kuna mjadala mwingine ambao ningependa tuuache upite. Mwaka 2009 Hashem Akbari, Surabi Menon na Arthur Rosenfeld walikadiria kwamba kuyapa mapaa na barabara za miji ya dunia rangi za kuakisi jua kungefidia joto la tani bilioni 44 za hewa ya ukaa, na mwaka huo huo Steven Chu, aliyekuwa Waziri wa Nishati wa Marekani, akalisemea jambo hilo hadharani. Mwaka 2012 Mark Jacobson na John Ten Hoeve wa Stanford wakaja na modeli iliyoonyesha kwamba mapaa meupe, kwa kubadili mawingu, yangeweza kuipasha dunia kidogo badala ya kuipoza. Wanasayansi waendelee kupambana na modeli zao. Hoja ya paa jeupe haihitaji kuokoa sayari nzima ili isimame. Inahitaji chumba kimoja kilicho chini yake, na hapo hakuna anayebishana.

Pingamizi ninaloliogopa kweli ni vumbi. Paa jeupe haliendelei kuwa jeupe. Masizi, ukungu na tope la mvua za kwanza hulipunguzia nguvu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea mwaka wa kwanza au wa pili: rangi iliyoanza kwa kurudisha asilimia 80 inaweza kushuka karibu na 60. Bado ni bora mara nyingi kuliko jeusi, ila aliyeahidiwa 80 ataona amedanganywa. Kwa sababu hii California, iliyoingiza mapaa haya kwenye kanuni zake za ujenzi mwaka 2005, ilikuja kudai kipimo cha bidhaa baada ya kukaa nje miaka 3. Kila anayenunua rangi au mabati kwa ajili ya joto aulize swali hilo moja: baada ya miaka mitatu linarudisha kiasi gani? Muuzaji asiye na jibu anauza weupe tu.

Na kanuni zinahitajika, kwa sababu anayechagua paa mara nyingi siye atakayelala chini yake. Mkandarasi anataka rahisi, mwenye nyumba anataka linalopendeza kutoka barabarani, mpangaji ndiye atakayelipa umeme kwa miaka 20 au 30, na siku ya kuezeka hayupo. Siku hiyo tofauti ya gharama kati ya bati la rangi nyeusi na bati la rangi nyeupe ni ndogo au haipo kabisa. Ukikosa siku hiyo, utasubiri hadi paa lichoke. Los Angeles ililiona hilo mwishoni mwa 2013 ikapitisha sharti la mapaa yenye kuakisi kwa nyumba mpya za makazi. Jimbo la Telangana nchini India lilitoa sera yake mwaka 2023, ikiyabana majengo ya serikali na ya biashara. New York ilichagua pia njia ya mikono: tangu 2009 watu wa kujitolea, na baadaye vijana wanaofunzwa kazi, wamepaka mapaa ya zaidi ya futi za mraba milioni 10.

Mwenye paa lililokwisha kuezekwa naye hajachelewa. Liparuliwe kutu, lisuguliwe kwa brashi na maji likauke, matobo yazibwe, bati tupu lipakwe rangi ya msingi kwanza, kisha nyeupe mara mbili. Kazi ianze asubuhi mapema, kwani bati la saa sita huikausha rangi kabla haijashika, na fundi naye ni mtu. Kila msimu wa vumbi ukiisha, lioshwe. Kama rangi haitoshi nyumba nzima, ianzie juu ya chumba cha mgonjwa, mzee au mtoto mchanga.